Namna ya kusanifu shule ya ghorofa inayodumu katika mtaa uliojaa: mwongozo kamili kwa mazingira ya Dar es Salaam

Sensa ya mwaka 2022 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam ukiwa na wakazi 5,383,728. Tangu elimu bila ada ianze kutekelezwa Januari 2016, shule nyingi za msingi za mkoa huo zimekuwa zikiandikisha watoto kuliko vyumba vilivyopo, na katika kata kama Manzese, Tandale, Buguruni na Mbagala hakuna tena ardhi ya kuongeza madarasa ya chini bila kumaliza uwanja wa michezo. Kwa hiyo shule inakwenda juu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kamati za shule, maofisa wa halmashauri, wamiliki wa shule binafsi na wasanifu wanaoanza kazi, ili wajue maamuzi yapi yafanywe kwanza na kwa nini.

Ninasimamia jambo moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Shule ya ghorofa hudumu, na huwa nafuu kuiendesha, kutokana na yale yasiyoweza kubadilishwa zege likishakauka: mwelekeo wa jengo, kina cha vyumba, idadi na upana wa ngazi, na njia za maji. Paneli za jua, feni na taa zinaweza kununuliwa hata miaka mitano baadaye, bajeti itakaporuhusu, lakini ngazi finyu itabaki finyu kwa maisha yote ya jengo. Kwa sababu hiyo hatua zinazofuata zimepangwa kwa kuanza na yale magumu kurekebisha.

Nitatumia mfano mmoja: shule ya msingi ya kutwa kwenye kiwanja cha mita 60 kutoka mashariki hadi magharibi na mita 50 kutoka kaskazini hadi kusini, yaani takriban robo tatu ya ekari, kilichozungukwa na nyumba pande tatu na barabara ya daladala upande wa nne.

Hatua ya 1: Kisome kiwanja kabla ya kuchora chochote

Anza na hati na mipaka. Shule nyingi za zamani zimevamiwa pembeni, na mgogoro wa mpaka ukigunduliwa baada ya msingi kuchimbwa husimamisha kazi yote. Mpimaji aoneshe vigingi vyote, nguzo za umeme, mabomba ya maji yanayopita chini na miti mikubwa iliyopo, kwa kuwa mwembe au mwarobaini wa miaka thelathini ni kivuli ambacho hakuna fedha inayoweza kukinunua kwa haraka.

Kisha udongo. Upimaji wa udongo kwa jengo la ghorofa ufanywe na maabara inayotambulika, kwa mashimo yaliyochimbwa pale pale nguzo zitakaposimama, kwa kuwa ndani ya kiwanja kimoja cha Dar es Salaam unaweza kukuta mchanga upande mmoja na mfinyanzi unaovimba upande mwingine, au shimo la taka la zamani lililofukiwa. Uliza pia kina cha maji ya ardhini wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, maana vipimo vya Septemba hudanganya. Kiwanja kilicho katika bonde la Msimbazi au kwenye mkondo wake wowote kisijengewe shule, hata kikitolewa bure. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini, yalionesha vya kutosha maji yanakopita.

Hatua ya 2: Fanya hesabu ya watoto kwa ukweli

Uwiano rasmi kwa shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa chumba kimoja. Chumba cha mita 9 kwa 7 kina mita 63 za mraba, yaani mita 1.4 kwa kila mtoto, na huo ndio ukubwa ninaoupendekeza. Katika mfano wetu tunapanga vyumba 21, sawa na wanafunzi 945. Kila mtu mezani atataka vyumba zaidi, na shinikizo hilo linaeleweka, kwa sababu watoto wapo na wanasubiri. Hata hivyo idadi ya vyumba inapaswa kukomea pale ngazi, vyoo na uwanja vinapokomea. Ukiongeza ghorofa moja bila kuongeza hivyo vitatu, huwa umehamishia msongamano mahali pabaya zaidi, yaani kwenye ngazi.

Ghorofa nne, pamoja na ile ya chini, ndiyo kikomo ninachokishauri kwa watoto wadogo. Zaidi ya hapo muda wa mapumziko huishia kwenye kupanda na kushuka, na kumhamisha mtoto mgonjwa au mwenye ulemavu kunakuwa jambo zito.

Hatua ya 3: Amua mwelekeo kwa jua na upepo wa pwani

Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Maana yake ni kwamba mwezi Juni jua la saa sita mchana huwa upande wa kaskazini, mwezi Desemba huwa upande wa kusini, na mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba hupita karibu kabisa utosini. Jua la juu kiasi hicho huzuiliwa kwa urahisi na kivuli cha mlalo juu ya dirisha. Linalosumbua ni jua la asubuhi na la alasiri, linaloingia kwa chini kutoka mashariki na magharibi, na ambalo hakuna kivuli cha mlalo kinacholiweza. Kwa hiyo kuta ndefu zenye madirisha zielekee kaskazini na kusini, na kuta fupi za mashariki na magharibi zibaki bila madirisha ya madarasa.

Upepo nao una kalenda yake. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki katika miezi ya katikati ya mwaka, na kaskazi hutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, wakati joto na unyevu viko juu kabisa. Pepo zote mbili, ukizitazama vizuri, zina upande mmoja zinaokubaliana: mashariki.

Kutokana na hayo mawili, umbo linalokifaa kiwanja chetu ni la mabawa mawili yanayokwenda sambamba kutoka mashariki hadi magharibi, yakiunganishwa upande wa magharibi na kitalu cha huduma, huku upande wa mashariki ukiachwa wazi. Kila bawa lina vyumba vitatu kwa kila ghorofa na kina cha mita 10 pamoja na korido yake, na kati ya mabawa kuna ua wenye upana wa mita 17. Jengo likiwa na kimo cha mita 13 hivi, ua wa upana huo hupata mwanga na hewa mpaka chini. Upepo huingia kwa upande ulio wazi na kusambaa kwenye madarasa yote. Kitalu cha magharibi, chenye vyoo, stoo, ofisi na ngazi mojawapo, hubeba joto la alasiri kwa niaba ya madarasa, na kwa kuwa kipo upande upepo unakoelekea, harufu ya vyoo haiwarudii watoto. Barabara ya daladala ikiwa upande huo huo wa magharibi, kitalu hicho huzuia pia kelele. Ikiwa upande mwingine, panda safu ya miti na jenga ukuta mzito.

Ghorofa ya chini ya bawa la kaskazini iachwe wazi juu ya nguzo. Hapo ndipo watoto watakapokusanyika mvua ikinyesha, watakapokula na watakapocheza saa sita mchana. Vyumba vitatu vya chini katika bawa la kusini wapewe watoto wa elimu ya awali na darasa la kwanza. Jengo lote litafunika takriban mita 900 za mraba, chini ya theluthi moja ya kiwanja, na uwanja wa wazi utabaki upande wa mashariki. Wapo watakaoiona nafasi ile chini ya nguzo kama vyumba vitatu vilivyopotea. Mimi naiona kuwa nafasi ya thamani kuliko zote katika shule ya mjini, na ningeilinda kwa maandishi ili isije ikazibwa kwa matofali baada ya miaka miwili.

Hatua ya 4: Sanifu darasa moja vizuri, kisha lirudie

Darasa la pwani linahitaji hewa inayopita kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Ndiyo maana korido iwe upande mmoja tu, na ya wazi, ikitazama ua. Korido ya katikati yenye vyumba pande zote mbili huua upepo na kulazimisha feni na taa kuwaka kutwa. Sehemu ya madirisha inayofunguka iwe angalau moja ya tano ya eneo la sakafu, yaani takriban mita 12.6 za mraba kwa darasa letu, ikigawanywa sawasawa kwa kuta mbili. Dirisha lenye kimo cha mita 1.4 na urefu wa jumla wa mita 4.5 kila upande linatosha.

Hapa kuna kosa linaloonekana katika majengo mengi mapya ya jiji. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma yanapendeza, lakini yanapofunguliwa yote huachia nusu tu ya tundu, kwa sababu kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine. Wavu wa mbu ukiwekwa juu yake, upepo unaobaki ni mdogo mno. Luva, yaani dirisha la vipande vyembamba vya kioo vinavyogeuka, hufunguka karibu tundu zima na huruhusu hewa hata mvua ikinyesha wima. Kwa upande wa korido, tofali za matundu chini ya dirisha huleta upepo kwenye kimo cha mtoto aliyeketi, mahali ambapo joto huhisiwa. Dari isipungue mita 3.

Kivuli kihesabiwe, kisikisiwe. Kwa dirisha la kimo cha mita 1.4 katika ukuta wa nje wa kaskazini, ubao wa zege unaotokeza mita 1.1 juu ya dirisha hulizuia jua la Juni kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Ukuta wa kusini, kwa jua la Desemba, unahitaji takriban mita 0.65 tu. Kuta zinazotazama ua zimekwisha kukingwa na korido zenyewe. Ubao huu unaweza kumwagwa pamoja na mkanda wa ghorofa, hivyo gharama yake ni ndogo ukiulinganisha na umeme wa feni utakaookolewa miaka yote.

Ghorofa ya juu hupata joto kuliko nyingine. Paa la bati liinuliwe juu ya slabu ya mwisho, na nafasi ya hewa iachwe wazi pande zote ili joto litoke. Slabu hiyo itazuia pia kelele ya mvua kwenye bati, ambayo wakati wa masika humlazimu mwalimu kunyamaza kabisa.

Hatua ya 5: Ngazi, ambazo ndizo uhai wa watoto

Tarehe 3 Februari 2020, katika Shule ya Msingi ya Kakamega nchini Kenya, wanafunzi waliokuwa wakitoka madarasani jioni walisongamana kwenye ngazi za jengo la ghorofa, na watoto wasiopungua 14 walifariki. Hilo lilitokea siku ya kawaida, wakati wa kwenda nyumbani. Kila anayechora shule ya ghorofa Afrika Mashariki anapaswa kuchora ngazi zake akiwa na tarehe hiyo mbele yake.

Fanya hesabu hivi. Ghorofa tatu za juu zina vyumba 18, sawa na watoto 810. Kwa tahadhari, chukulia kwamba mita moja ya upana wa ngazi hupitisha watu 60 kwa dakika. Ngazi mbili zenye upana wa mita 1.8 kila moja hupitisha 216 kwa dakika, hivyo jengo hutoka watu kwa karibu dakika 4. Sasa ifunge mojawapo, kwa kuwa moto au moshi unaweza kuanzia hapo hapo: muda unakuwa dakika 7 na nusu, na huo ni mrefu mno kwa watoto walioingiwa na hofu. Ukiwa na ngazi tatu, moja ikiziba, zilizobaki mbili hutosha kwa zile dakika 4. Kwa hiyo weka ngazi tatu: moja kwenye ncha ya mashariki ya kila bawa, na ya tatu katika kitalu cha magharibi. Mhasibu atauliza kama ya tatu ni ya lazima. Jibu liwe ndiyo, na hesabu hii iwekwe kwenye faili.

Kila kidato cha ngazi kiwe na kimo cha sentimita 15 na nafasi ya kukanyaga ya sentimita 28 hadi 30, bila kidato hata kimoja kinachotofautiana na wenzake, kwa sababu mguu unaoshuka kwa haraka hukariri kipimo cha vidato viwili vya kwanza na kukiamini. Usitumie ngazi za kuzunguka. Weka mhimili wa kushika kwenye sentimita 90 kwa wakubwa na mwingine kwenye sentimita 60 hadi 65 kwa wadogo, pande zote mbili. Ukingo wa korido na ngazi ufike mita 1.1, na nondo zake ziwe za wima na zenye nafasi isiyozidi sentimita 10. Nondo za mlalo huwa ngazi ya kupandia kwa mtoto wa miaka saba. Ngazi ziwe na uwazi unaotazama nje, ili moshi utoke na mwanga wa mchana uingie hata umeme ukikatika. Wala pasiwe na geti la chuma lenye kufuli kwenye ngazi yoyote saa za masomo. Mageti hayo huwekwa kwa kuogopa wizi wa usiku, na ndiyo yanayogeuka mtego mchana. Wizi uzuiwe kwenye milango ya vyumba na ukuta wa nje.

Michoro ipelekwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji mapema, ikiwa bado inaweza kubadilika. Acha njia ya gari yenye upana wa mita 4 kutoka lango kuu hadi kitalu cha huduma. Njia hiyo hiyo itatumiwa na gari la kunyonya majitaka.

Kuhusu watoto wenye ulemavu, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa haki ya kufika na kusoma kama wenzao. Njia ya mteremko yenye uwiano wa 1 kwa 12 inahitaji takriban mita 40 za urefu kwa kila ghorofa yenye kimo cha mita 3.3, na kiwanja chetu hakiwezi kuibeba hadi juu. Suluhisho la kweli ni mawili kwa pamoja: jenga tundu la lifti tangu mwanzo hata kama lifti yenyewe itanunuliwa baadaye, na hakikisha kwamba maktaba, ofisi ya mwalimu mkuu, choo kipana na angalau darasa moja linaloweza kupokea mkondo wowote viko chini. Kisha ratiba ya shule ihamishe darasa zima kuja chini, asilazimishwe mtoto kubebwa mgongoni.

Hatua ya 6: Vyoo na maji

Mwongozo wa taifa wa maji na usafi wa mazingira shuleni unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Kwa wanafunzi 945, nusu kwa nusu, hayo ni matundu 24 na 19. Ukiweka 6 ya wasichana na 5 ya wavulana kwa kila ghorofa, unapata 44. Watu hushtuka wakiiona idadi hii kwenye mchoro, na hapo ndipo vyoo huanza kupunguzwa. Visipunguzwe. Vyoo vya ghorofa zote vipangwe kimoja juu ya kingine, mabomba yakishuka ndani ya tundu moja lenye mlango wa fundi kila ghorofa, ili bomba likivuja lirekebishwe bila kuvunja ukuta. Kila ghorofa iwe na chumba cha wasichana cha kujihifadhi wakati wa hedhi, chenye maji, ndoano, chombo cha taka na komeo la ndani.

Shule ya kutwa inahitaji takriban lita 5 kwa mtoto kwa siku kwa kunywa na kunawa, yaani lita 4,725 kwa shule yetu, na nyongeza ya vyoo juu yake, ambayo ni lita 1.5 hadi 3 kwa mtoto ikiwa vyoo ni vya kumwagia kwa kopo, na huzidi lita 10 vikiwa vya kuvuta. Tofauti hiyo peke yake inatosha kuchagua choo cha kumwagia. Maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, yawe chanzo cha kunywa. Mvua ichukue kazi ya usafi, vyoo na bustani.

Mvua za Dar es Salaam hufikia milimita 1,000 na zaidi kwa mwaka. Paa la mita 900 za mraba, baada ya kutoa moja ya tano inayopotea, linaweza kukusanya karibu lita 720,000. Hazinyeshi kwa usawa, kwa hiyo ukubwa wa tangi ndio unaoamua. Tangi la ardhini la lita 100,000 hujaa kwa mvua kubwa mbili au tatu za masika na linaweza kujengwa chini ya ua, pampu ikipandisha maji hadi matangi madogo ya juu. Lita 400 za mwanzo za kila mvua, zenye vumbi na kinyesi cha ndege, zimwagwe pembeni kabla ya kuingia tangini. Wazo hili si geni jijini: Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilipewa miavuli ya zege inayokinga mvua na kuishusha kwenye matangi yaliyo chini.

Mvua isiyokingwa nayo inahitaji mahali pa kwenda. Mvua ya milimita 50 juu ya kiwanja chetu ni lita 150,000, na uwanja ukisakafiwa wote kwa saruji, maji hayo yataingia nyumbani kwa majirani. Acha udongo, nyasi na tofali za kupitisha maji kila panapowezekana, na chimba mtaro wa changarawe kwenye upande wa chini. Pale ambapo bomba la majitaka la umma halifiki, shimo la majitaka lenye vyumba viwili lijengwe upande wa njia ya gari, mbali na tangi la mvua.

Hatua ya 7: Muundo, zege na usimamizi

Tarehe 29 Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jingine liliporomoka Kariakoo, na waliofariki walizidi 20. Shule haina nafasi ya uzembe wa aina yoyote. Msanifu majengo na mkadiriaji majenzi wawe wamesajiliwa na bodi yao, mhandisi na bodi ya wahandisi, mkandarasi na bodi ya makandarasi, na majina yao yaonekane kwenye kibao cha eneo la kazi pamoja na namba ya kibali cha ujenzi. Utaratibu wa fosi akaunti, ambapo shule hununua vifaa na kuwalipa mafundi wa karibu, umejenga madarasa mengi ya chini kwa gharama nafuu. Kwa ghorofa nne siushauri, isipokuwa kwa kazi za umaliziaji kama rangi, milango na madawati.

Mhandisi hupigia hesabu uzito wa watumiaji wa takriban kilo 300 kwa kila mita ya mraba ya darasa, na 400 kwa korido na ngazi. Nguzo zikae kila mita 4.5, kwa kufuata nusu ya urefu wa darasa, ili boriti zibaki fupi na nondo zipungue. Kwa kuwa bawa la kaskazini limesimama juu ya nguzo, kuta za zege za ngazi zishuke hadi kwenye msingi na kulishika jengo lisiyumbe. Iandikwe pia kwenye michoro kwamba msingi umesanifiwa kwa ghorofa nne tu.

Siku ya kumwaga zege, msimamizi asiondoke. Fundi anayeona zege ni gumu kulainisha huongeza ndoo ya maji, na ndoo hiyo huondoa nguvu ambayo hakuna plasta itakayoirudisha. Pima ulaini wa zege kwa koni kila linapochanganywa, na tengeneza michemraba ya sentimita 15 ya kupondwa maabara baada ya siku 7 na siku 28. Tumia saruji ya daraja la 42.5 kwa nguzo, boriti na slabu. Mchanga wa baharini usitumike hata kidogo, kwa sababu chumvi yake huila nondo. Hewa yenyewe ya pwani ina chumvi, kwa hiyo nondo za nje zifunikwe na zege la unene wa milimita 40 angalau, zikishikiliwa na vipande vya zege vilivyotengenezwa kwa kipimo hicho. Vipande vya kokoto vinavyosukumwa chini ya nondo dakika ya mwisho havitoshi. Slabu ifunikwe magunia na kumwagiwa maji kwa siku 7, wikiendi zikiwemo, na mirunda inayoishikilia isiondolewe kabla ya siku 14, wala ile ya boriti ndefu kabla ya siku 21, hata kama mwenye mirunda anadai kodi.

Saruji ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya hewa ya ukaa duniani, hivyo itumike pale inapobeba uzito. Kuta za kugawa vyumba zinaweza kujengwa kwa matofali ya udongo yanayofungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine na kutumia saruji kidogo. Yale ya kuchomwa kwa kuni siyapendekezi.

Hatua ya 8: Umeme na jiko

Darasa letu lina taa 8 za wati 18 na feni 4 za wati 60, jumla wati 384. Madarasa 21 yakiwasha vyote kwa saa 6 yatatumia takriban uniti 48 kwa siku. Paneli zenye uwezo wa kilowati 12, zinazochukua mita 60 hadi 70 za mraba za paa na kuinamishwa kidogo kuelekea kaskazini, huzalisha karibu kiasi hicho siku ya jua. Kwa kuwa shule hutumia umeme mchana, betri si lazima. TANESCO wabaki kuwa akiba. Swichi za taa za upande wa dirisha zitenganishwe na za katikati.

Jiko liwe la gesi au umeme, nje ya mabawa, na mitungi ikae kwenye kibanda chenye hewa na kufuli. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo, na jiko la kuni lililojengwa leo litabomolewa kesho.

Hatua ya 9: Kujenga huku watoto wanasoma

Shule nyingi za mjini haziwezi kufungwa. Jenga bawa la kusini na nusu ya kitalu cha magharibi kwanza, kwenye sehemu ya uwanja uliopo, wahamishie watoto humo, kisha ndipo ubomoe madarasa ya zamani na kujenga la kaskazini. Mpango huu huchukua muda mrefu zaidi, na kwa kipindi chote cha kwanza watoto watakosa uwanja, kwa hiyo tafuta makubaliano ya maandishi na shule ya jirani au ofisi ya kata kuhusu mahali pa kuchezea. Bawa la kwanza lisifunguliwe kabla ngazi zake mbili hazijakamilika. Uzio wa mabati wa mita 2.4 utenganishe ujenzi na masomo, malori yawe na lango lao, na zege na nondo vishushwe kabla ya saa moja asubuhi au baada ya saa tisa alasiri. Mabati, mbao na milango ya madarasa ya zamani vihesabiwe na kutumika tena, na kifusi cha matofali kishindiliwe chini ya njia ya gari.

Tathmini ya athari kwa mazingira kupitia NEMC, baraza la taifa la mazingira, ianze mapema pamoja na michoro, maana kelele, vumbi na maji ya mvua ni mambo yatakayowagusa majirani, na wakishirikishwa mwanzoni huwa walinzi wa eneo la kazi.

Hatua ya 10: Makabidhiano na matunzo

Mkandarasi akabidhi michoro ya jengo kama lilivyojengwa hasa, ikionesha kila bomba na waya ulipopita, matokeo yote ya michemraba ya zege, na orodha ya vipuri vya luva, bomba na pampu vinavyopatikana madukani Kariakoo. Nakala moja ibaki kwa mwalimu mkuu na nyingine halmashauri. Kamati ya shule itenge fungu la matunzo kwenye bajeti ya kila mwaka, na ipange kazi kwa kufuata mvua: Februari kusafisha mifereji ya paa na kupima pampu kabla ya masika, Juni kunyonya shimo la majitaka na kukagua nyufa, Septemba kuosha tangi maji yakiwa yamepungua, Desemba kupaka rangi ya kuzuia kutu kwenye vyuma vya ngazi na korido.

Kabla ya siku ya kwanza ya masomo, walimu na watoto wote wafanye zoezi la kushuka kwa kengele, ngazi moja ikiwa imefungwa kwa makusudi, na mwalimu akishika saa chini uani. Zoezi likizidi dakika 5, ratiba ya kutoka madarasani ipangwe upya, ghorofa baada ya ghorofa, na zoezi lirudiwe mpaka muda ushuke. Baada ya hapo lifanywe kila muhula.